Kaka alimpa dada figo. Dada anapona vizuri, kaka ndiye anazidi kuzama. Tatizo ni nini?

#1 Kitindamimba
Habari zenu wakuu. Ni mrefu kidogo, naomba mnivumilie.

Dada yangu figo zake zilishindwa kazi zote mbili. Kwa miaka 2 tulikuwa tunampeleka kusafishwa damu mara 3 kwa wiki, saa 4 kwenye mashine kila safari, anarudi hana nguvu hata ya kushika kikombe. Tukapimwa wote nyumbani. Mimi damu yangu haikuoana na yake, mama presha ikamzuia, kaka yetu mkubwa ndiye akafaa. Akasema tu, "Nipangieni tarehe."

Wiki 5 zilizopita wakapasuliwa siku moja, vyumba vinapakana. Daktari alitwambia figo ilianza kutoa mkojo palepale mezani. Sisi tulikuwa tumekesha tukiomba, na habari ilipofika tuliimba hadi sauti zikakauka.

Sasa dada amerudi kuwa mtu. Anaongea, anacheka, saa nane za usiku unamkuta anapanga makabati. Kaka ndiye amezima. Mchana analala, usiku yuko macho. Ibada ya nyumbani alikuwa anaiongoza yeye, siku hizi haji kabisa. Jumapili iliyopita watu wa kanisani walijaa sebuleni kumshukuru Mungu pamoja nasi. Dada akatoa ushuhuda: "Mungu amenipa figo mpya." Watu wakapiga makofi. Kaka akainuka polepole, mkono tumboni, akatoka nje. Hakurudi mpaka wageni walipoondoka.

Nilimfuata. Akanijibu neno moja: "Niacheni."

Aliingia hospitali akiwa mzima. Inakuwaje mgonjwa anapona, mzima anaugua? Mama anasema ni vita vya kiroho. Wifi anasema ni maumivu. Mimi sijui nishike lipi. Mliopitia haya nisaidieni.

#2 Mama Wawili
Pole sana, na hongereni kwa hatua hiyo. Kabla ya yote, kaka alipasuliwa kwa mkato mrefu wa ubavuni au kwa matundu madogo? Mume wangu alitolewa figo yenye uvimbe kwa mkato mrefu. Miezi 3 nzima hakuweza kupiga chafya bila kukumbatia mto. Watu walimwona anatembea wakadhani amepona. Maumivu yasiyokatika yanamwondolea mtu hata hamu ya kusali, hilo nimeliona ndani ya nyumba yangu.

#3 Mshenga
Ngoja niseme ambalo wengine watalizunguka. Kaka ameumizwa na ule ushuhuda. Ametoa kiungo cha mwili wake, na mbele ya watu wote wale jina lake halikutajwa. Sioni pepo hapo, wala mshono. Mtu ameachwa nje ya furaha aliyoileta yeye.

#4 Figo Moja
Nilimpa mdogo wangu figo miaka 6 iliyopita, kwa hiyo nazungumza kama mwenye kovu.

Mpokeaji anaingia chumba cha upasuaji damu yake imejaa taka. Figo mpya ikishika kazi, ndani ya siku chache zile taka zinashuka, kichwa kinakuwa chepesi, hamu ya kula inarudi. Mtoaji kwake ni kinyume. Asubuhi ile nilikuwa napanda ngazi mbilimbili. Jioni sikuweza kujigeuza kitandani. Mdogo wangu alikuwa anapanda kilima, mimi nateremka, na tulipishana siku hiyohiyo moja.

Mimi walinifanyia ya matundu. Wanajaza tumbo gesi ya kaboni dayoksaidi ili wapate nafasi ya kuona ndani. Gesi inayobaki inauchokoza ule msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, na maumivu unayasikia begani. Sikuwa nimeambiwa, nikadhani ni moyo. Yaliisha baada ya siku chache. Uchovu ndio uliobaki. Figo moja inayobaki hutanuka kidogokidogo na kubeba mzigo, lakini kwa wengi inafikia kama asilimia 60 hadi 70 ya kazi iliyofanywa na zote mbili. Inatosha kabisa kuishi nayo maisha yote. Ila miezi ile ya mwanzo nilikuwa nalala kama mtoto mchanga.

Na nililia. Naoga, naona mshono, nalia. Sikujuta hata siku moja, naomba hilo lieleweke. Nililia tu. Mleta uzi, usimuulize kaka yako kama anajuta. Kila aliyeniuliza hivyo nilimkasirikia.

#5 Nesi wa Zamu
Samahani, nakatiza. Mleta uzi, umesema watu WALIJAA sebuleni? Kwa mpokeaji wa wiki 5?

Dada yuko kwenye dawa za kushusha kinga ili mwili wake usiikatae figo ya mtu mwingine, na dozi za miezi ya mwanzo ndizo kubwa kuliko zote. Mafua ya mmoja tu kati ya waliopiga makofi yanaweza kumrudisha wodini. Kwa sasa hakuna kuwekewa mikono na kundi zima, hakuna kukumbatiana. Mwenye kikohozi au homa asije. Mtoto mwenye tetekuwanga asikaribie hata mlango. Waombe wakiwa makwao, Mungu anasikia kutoka huko.

Akipata homa ya nyuzi 38 kwenda juu, mkojo ukipungua, miguu ikivimba, au akisikia maumivu pale chini ya tumbo ilipowekwa figo, ni hospitali saa hiyohiyo. Msingoje kupambazuke.

Na asifunge, hata kama kanisa zima limefunga kwa ajili yake. Maji aliyoambiwa anywe ni sehemu ya tiba. Dawa za asubuhi na jioni zinamezwa kwa saa yake hata kama maombi hayajaisha.

La kaka nitarudi nikimaliza zamu.

#6 Kitindamimba
Jamani. Walikuwa kama 30. Nimemsomea mama bandiko la Nesi, ametulia kidogo kisha akaenda kuandika tangazo la mlangoni kwa mkono wake mwenyewe. Asante sana.

Mama Wawili, ilikuwa ya matundu, na mkato mmoja chini ya kitovu walikoitolea figo.

Figo Moja, nimemuuliza wifi kuhusu bega. Kaka alilalamikia bega siku 3. Sisi tulimwambia amelalia vibaya.

#7 Mzee wa Kanisa
Binti, mama yako msimpuuze, ila vita vya kiroho si lazima iwe pepo la kukemewa. Msome Eliya, 1 Wafalme 18 na 19. Moto umeshuka Karmeli, mvua imerudi, watu wameona kwa macho yao. Muda mfupi baadaye yuko jangwani chini ya mretemu, anaomba afe. Maandiko hayasemi alikuwa ametenda dhambi. Alikuwa amemaliza kila alichokuwa nacho. Na malaika hakumkemea. Alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, mara mbili. Maneno yalikuja baadaye sana, mlimani, na Mungu mwenyewe alianza kwa swali.

Nimetembelea wagonjwa wengi kwa nafasi yangu. Kosa letu ni kufika na hotuba. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku 7 bila neno, na hizo ndizo siku 7 pekee walizomfaa.

#8 Zawadi Hai
Mimi niko upande wa dada yako, napumua kwa figo ya binamu yangu. Naomba kumjibu Mshenga kwa upole.

Hujui ilivyo vigumu kulitaja jina hilo. Utasema nini? "Asante" unamwambia mtu aliyekupisha mlangoni. Mimi kila nilipojaribu koo lilibana, nikaishia kusema Mungu asifiwe, kwa sababu Mungu ndiye pekee niliyeona anaweza kubeba deni la ukubwa ule. Binamu alinielewa vibaya mwaka mzima. Alidhani nimemsahau. Nilikuwa namkwepa kwa sababu nikimwona nilijiona mwizi.

La pili, kupanga makabati saa nane za usiku si furaha tupu. Muulize kama anatumia prednisoloni, moja ya hizo dawa za kushusha kinga. Mimi ilininyima usingizi, ikanipa njaa na nguvu za ajabu, nikasafisha nyumba usiku kucha nikidhani ni upako. Dozi ilipopunguzwa nikatulia, na siku mbili tatu nikawa mnyonge. Kwa hiyo usimpime kaka kwa kumlinganisha na dada. Dada yuko juu kuliko kawaida yake, na kaka yuko chini kuliko kawaida yake. Pengo mnaloliona limevutwa pande mbili.

#9 Kitindamimba
Prednisoloni ipo, nimeangalia boksi. Hilo la pengo kuvutwa pande mbili sikuwahi kuliwaza.

#10 Msomaji wa Usiku
Upandikizaji wa kwanza wa figo uliofanikiwa ulikuwa Boston mwaka 1964, ndugu kwa ndugu. Nilisoma yule mtoaji aliishi miaka mingi tu bila shida, kwa hiyo mwilini kaka hana tatizo. Nadhani ni hofu. Mtu anaanza kuogopa: ile moja ikifa je?

#11 Jirani Mwema
Msomaji, ni 1954, tarehe 23 Desemba. Richard na Ronald Herrick, mapacha wa kufanana, ndiyo maana mwili haukuikataa ile figo, maana dawa za kushusha kinga tunazozijua leo zilikuwa bado. Ronald aliyetoa aliishi hadi 2010, akafa na miaka 79. Richard aliyepokea alipata miaka 8 zaidi, akamuoa nesi aliyemhudumia, wakapata watoto wawili.

Kinachonigusa kwa kisa hiki ni usiku wa kuamkia upasuaji. Richard alimwandikia mwenzake karatasi amwambie aondoke, aende zake nyumbani. Ronald akajibu kwamba yupo na atabaki. Ona hapo, mgonjwa anayekufa ndiye anamwambia mzima akimbie. Zawadi Hai ameligusa hilohilo. Uzito wa kupokea ulikuwepo tangu siku ya kwanza.

Daktari Joseph Murray aliyeongoza upasuaji ule alikuwa Mkatoliki mwenye kushika dini, na kabla ya kumkata mtu mzima asiye na ugonjwa, yeye na wenzake waliwauliza viongozi wa madhehebu mbalimbali kama ni halali. Alipewa Nobeli mwaka 1990. Swali la mleta uzi liliwasumbua hata wao: unamjeruhije mzima ili umponye mgonjwa?

#12 Msomaji wa Usiku
Nimekubali, 1954. Asante Jirani.

#13 Mpiga Zeze
Tusiende Boston mbali hivyo. Mtoaji wa kwanza ni Adamu. Alilazwa usingizi mzito, akatolewa ubavu, nyama ikafunikwa mahali pake. Mwanzo 2:21.

#14 Jirani Mwema
Mpiga Zeze, mstari huohuo umewahi kutumika kutetea dawa ya usingizi! James Young Simpson, daktari wa Edinburgh, alianza kutumia klorofomu mwaka 1847. Wapo waliosema kumwondolea mama anayejifungua uchungu ni kupingana na Maandiko. Akawajibu mwaka huohuo kwa kijitabu, akawaonyesha kwamba Mungu mwenyewe alimlaza Adamu kabla ya kumfungua ubavu.

#15 Mpiga Zeze
Na Adamu alipoamka aliimba. Kaka wa mleta uzi haimbi. Hapo ndipo mfano wangu unakwama, nakiri.

#16 Mama Wawili
Anayemfurahia Hawa ni Adamu huyohuyo aliyetolewa ubavu, hiyo ndiyo tofauti. Huku aliyetoa ni mmoja na anayefurahia ni mwingine.

Nirudi kwenye mada. Mleta uzi, je, kaka aliulizwa akiwa peke yake? Kawaida mtoaji anahojiwa pembeni, bila ndugu, na ana haki ya kujitoa hadi dakika ya mwisho. Nauliza kwa sababu kwa familia zinazosali pamoja, kusema hapana ni kugumu mara mbili. Unamkatalia ndugu, na unaonekana unamkatalia Mungu.

#17 Kitindamimba
Alihojiwa peke yake, ndiyo. Lakini Mama Wawili umenikumbusha kitu nimekaa nacho tangu asubuhi. Siku majibu yalipotoka kwamba kaka anafaa, mama alipiga magoti palepale kwenye korido akasema, "Bwana umejibu." Kaka alikuwa bado hajasema chochote. Ile "Nipangieni tarehe" aliisema baada ya hapo.

Simlaumu mama. Alikuwa anamwona mtoto wake anakufa. Lakini sijui sasa kama kaka alikubali, au alikuta amekwisha kubaliwa.

#18 Mzee wa Kanisa
Hilo zito. Usilipeleke kwa mama leo.

#19 Figo Moja
Naomba tusikimbilie huko. Mimi hakuna aliyenishurutisha, mama yangu alikuwa amefariki zamani, na bado nilizama. Mtu anaweza kutoa kwa hiari kamili na akazama. Mkimpelekea kaka hadithi ya kwamba alilazimishwa, mtakuwa mmemnyang'anya kitu pekee alichobaki nacho, kwamba aliamua yeye.

#20 Nesi wa Zamu
Nimerudi. Nina maswali ya mwili kabla hatujamaliza mioyo. Anakula? Anapata choo? Dawa za maumivu za jamii ya afyuni zinafunga choo vibaya sana na zinamlaza mtu mchana. Kidonda kina wekundu au kinatoa maji? Mguu mmoja umevimba, au anakosa pumzi ghafla? Hiyo inaweza kuwa damu iliyoganda, na hiyo ni dharura. Na kwa maumivu anameza nini?

#21 Kitindamimba
Anakula kidogo, choo kigumu. Kidonda kikavu, miguu sawa. Za hospitali ziliisha. Wifi anasema sasa anameza diklofenaki, aliikuta kwenye kabati la mama.

#22 Nesi wa Zamu
Aache leo. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zake huichosha figo, na yeye amebaki na moja. Apige simu kliniki iliyomfanyia upasuaji, aulize mbadala; mara nyingi watampa parasetamoli kwa kipimo watakachosema. Dada naye asiguse hizo, wala mitishamba yoyote, wala balungi, kwa sababu balungi hupandisha kiwango cha takrolimasi, dawa nyingine ya kushusha kinga, kwenye damu.

Hebu kaka achukuliwe damu: wingi wa damu, kreatinini (taka ya damu inayoonyesha figo inavyochuja), chumvi za mwili. Na mkojo. Upungufu wa damu peke yake unaweza kumfanya mtu awe hivyo unavyomweleza. Siwezi kusema ndio huo bila kipimo.

#23 Kijana wa Maabara
Naunga mkono. Na kreatinini yake ikitoka juu kuliko kabla ya upasuaji ina maana figo iliyobaki inakufa, muwahi.

#24 Figo Moja
Hapana mkuu, usiwatishe. Kwa mtoaji kreatinini hupanda baada ya kutoa na hubaki juu kidogo kuliko zamani, kwa sababu figo ni moja. Yangu haijawahi kurudi ilipokuwa na kila mwaka daktari anasema sawa. Kinachoangaliwa ni kama inaendelea kupanda, na kama protini inatoka kwenye mkojo, na presha.

#25 Kijana wa Maabara
Sahihi. Niliandika haraka, samahani mleta uzi.

#26 Msomaji wa Usiku
Kuhusu maombi, kuna utafiti mkubwa wa Marekani wa 2006 kwa waliopasuliwa moyo. Walioombewa walipata matatizo zaidi. Labda kelele zote hizi za maombi zinamlemea kaka.

#27 Jirani Mwema
Msomaji, kaka yangu, huo utafiti naufahamu, uweke wote. Wagonjwa 1,802, hospitali 6. Walioombewa bila kuwa na uhakika kama wanaombewa, asilimia 52 walipata matatizo. Wasioombewa ambao nao hawakuwa na uhakika, asilimia 51. Hao makundi mawili ni sawasawa. Waliopata zaidi, asilimia 59, ni walioambiwa waziwazi kwamba wanaombewa, na watafiti wenyewe walisema huenda ikawa bahati tu. Waombaji walikuwa watu wasiowajua, walipewa jina la kwanza na herufi moja ya jina la ukoo. Hiyo haifanani na mama anayemwombea mwanawe chumba cha pili.

#28 Msomaji wa Usiku
Jirani, leo umenisahihisha mara mbili, nakuachia uzi. Lakini swali langu libaki: walioambiwa "unaombewa" waliona mzigo wa kupona? Dada ameombewa kwa sauti, akapona kwa sauti. Kaka naye pengine anaona anadaiwa apone, wakati anajisikia vibaya. Akisema anaumwa anaharibu ushuhuda wa nyumba nzima.

#29 Mzee wa Kanisa
Hapo Msomaji umesema jambo. Nimewaona wagonjwa wanaotabasamu mchungaji akiingia na kukunja uso akitoka.

#30 Mshenga
Mzee, bado hujanijibu la ushuhuda. "Mungu amenipa figo." Je, ni sawa?

#31 Mzee wa Kanisa
Ni kweli, ila imekatwa katikati. Angalia Paulo kwa Wafilipi 2. Epafrodito aliugua karibu kufa. Paulo anasema Mungu alimhurumia, kisha hapohapo anamtaja kwa jina, anasema alihatarisha maisha yake kwa ajili ya kazi ya Kristo, na anawaagiza wampokee kwa furaha na kuwaheshimu watu wa namna hiyo. Hakuona kwamba kumtaja mtu kunampunguzia Mungu.

Lakini Mshenga, wewe unadhani kaka anataka makofi. Mimi sidhani. Mtu aliyesema "Nipangieni tarehe" bila mbwembwe, ukimsimamisha mbele ya watu 30 umpigie makofi, huenda ungemuumiza zaidi.

#32 Mshenga
Labda. Sikusema makofi, nilisema kuonwa. Anaweza kuonwa na mtu mmoja.

#33 Zawadi Hai
Mshenga, hilo la mtu mmoja naliafiki kabisa. Ila mtu huyo ni dada, na dada bado hawezi. Mpeni muda naye.

#34 Mama Wawili
Muda, ndiyo, lakini wenye mpaka. Kama wiki zinapita halali vizuri, hali chakula, hafurahii kitu, au ametamka kwamba heri asingekuwepo, huyo anahitaji daktari wa afya ya akili, kama vile mshono ulivyohitaji daktari wa upasuaji. Sonona baada ya kutoa figo ipo na inatibika. Vituo vingi vya upandikizaji vina mshauri wa watoaji. Mwulizeni wifi kama amewahi kumsikia akisema maneno ya namna hiyo, na mumuulize moja kwa moja, bila kupindisha. Kuuliza hakumwingizii mtu wazo.

#35 Kitindamimba
Nimemuuliza wifi, kisha nikamuuliza kaka mwenyewe, nikiwa natetemeka. Alinitazama muda mrefu akasema, "Hapana. Nimechoka tu, na sijui nimechoka nini." Ndiyo sentensi ndefu kuliko zote alizonipa tangu wiki ile.

Diklofenaki tumeitoa kabatini.

#36 Figo Moja
"Sijui nimechoka nini." Ningeweza kuiandika mimi.

Mimi nilianza kutoka hapo kwenye mwezi wa 4. Sijui ni nini kilichonitoa. Nilianza kutembea asubuhi, dakika 10, halafu 20. Mdogo wangu alinipigia siku moja kuniuliza habari za kazini kwangu, hakutaja figo kabisa, tukaongea saa nzima kama zamani. Inawezekana damu ilikuwa imerudi tu mwilini. Sikuwahi kupata jibu.

#37 Mpiga Zeze
Asinyanyue vitu vizito tu. Binamu yangu alibeba mtungi wa maji wiki ya 4, akapata ngiri kwenye mshono.

#38 Kitindamimba
Mrejesho wa jana usiku. Nilikaa nje na kaka bila kusema kitu, kama Mzee alivyoelekeza. Kama nusu saa hivi. Dada akatoka na barakoa usoni, akakaa ngazi ya chini yake. Kimya. Mwisho kaka akamuuliza, "Leo umekojoa kiasi gani?"

Dada akasema lita 2 na nusu.

Kaka akasema, "Kwako inafanya kazi kuliko ilivyofanya kwangu." Dada akaanza kulia. Kaka akainuka akaingia ndani, na mlango hakuufunga. Sijui kama tumesogea mbele au tumerudi nyuma.

#39 Mshenga
Mmesogea. Ameulizia figo yake.

#40 Zawadi Hai
Mimi sina uhakika. Kilio hicho cha dada nakifahamu, si cha furaha. Kaeni karibu naye pia leo.

#41 Mzee wa Kanisa
Mlango hakuufunga. Hilo mimi nimeliona.

#42 Nesi wa Zamu
Lita 2 na nusu ni habari njema. Kipimo cha kaka mmepanga lini?

#43 Kitindamimba
Alhamisi. Dada naye ana kliniki siku hiyo. Wanakwenda gari moja, kaka kasema atakaa mbele.